Filta ya tabo ikae wapi? Maoni ya mtu wa kompyuta kutoka Mji wa Kale

Kwa kawaida hapa tunazungumzia programu, seva na makosa ya kodi yanayonikosesha usingizi. Leo naomba mnivumilie, nataka kuzungumzia magari. Si kwamba nimeacha kazi yangu nikawa fundi, la! Ni kwamba mpwa wangu ameua injini, na kilichoiua ndicho kinachoua programu nyingi: hakuna aliyejali kinachoingia mlangoni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana alinunua Subaru Forester yenye tabo, mtumba wa Japani kama magari mengi yanayoshuka pale Kilindini. Alichukua mkopo wa chama. Alfajiri alikuwa akipeleka abiria uwanja wa ndege, mchana akimpeleka mamake kliniki. Haukupita mwezi akaenda gereji moja (sitaitaja) akang'olewa lile boksi jeusi la plastiki lililotoka nalo kiwandani, akafungiwa filta ya koni, ile ya wazi inayong'aa. Fundi akamwambia hewa baridi iko chini, kwa hiyo wakaunga paipu ndefu, filta ikateremshwa mpaka nyuma ya bampa, shubiri moja na nusu hivi kutoka lami. Gari likaanza kuvuma. Kila likipita Kibokoni watoto wanageuka.

Novemba 2023 zikaja mvua za El Niño. Usiku mmoja kijana anarudi nyumbani, akakuta maji yamesimama barabarani. Anasema yalikuwa nusu ya gurudumu tu, na mbele yake teksi ndogo ilikuwa imepita salama. Akaingia polepole. Katikati ya maji injini ikapiga "tak!" mara moja, ikazima. Ilipofunguliwa, konrodi mbili zilikuwa zimepinda. Gari lilikaa juu ya mawe miezi mitano, na mkopo wa chama haukungoja hata siku moja.

Alinipigia simu usiku ule. "Mjomba, gari limekunywa maji." Nikamjibu, mwanangu, gari halikunywa. Limenyweshwa.

Basi nitoe maoni yangu mapema ili asiye na muda aende zake: kwa gari la tabo linaloishi hapa kisiwani Mombasa, mahali bora pa filta ya hewa ni pale pale kiwanda kilipoiweka, ndani ya boksi lililofungwa, juu, likivuta hewa ya nje. Kuiacha wazi ndani ya boneti ni makosa. Kuiteremsha kwenye bampa ni makosa makubwa zaidi. Sasa nieleze kwa nini, kwa hesabu na si kwa kelele.

Tabo inataka nini?

Kwa wasiojua, tabo ni pangaboi mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, na ya pili, iliyo upande wa pili wa mhimili, inavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini ndogo ikavuta kama kubwa. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hapo ndipo mtu aelewe kwa nini filta hukaa kabla ya tabo na si baada yake. Chembe ya mchanga ikigonga pangaboi kwa mwendo huo ni kama risasi.

Kwa hiyo hewa inayoingia inatakiwa iwe na sifa nne: iwe safi, iwe baridi, isiwe na maji, na ipimwe sawasawa. Wauzaji wa filta za koni wanazungumzia moja tu, ya baridi, nayo wanaieleza nusu. Tuanze na hiyo.

Joto

Hewa ikipata moto inatanuka, inakuwa nyepesi. Chukua mchana wa Mombasa, nyuzi 32 za Selsiasi. Halafu chukua hewa ya ndani ya boneti kwenye foleni ya feri ya Likoni, kiyoyozi kinafanya kazi, hakuna upepo. Tuseme nyuzi 60, na sijatia chumvi. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu wa karibu asilimia 8 kuliko ya nyuzi 32.

Tabo inazidisha tofauti hiyo. Ikishindilia hewa mpaka mara 1.7 ya shinikizo la kawaida, na kompresa yake ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia na nyuzi 32 inatoka na nyuzi 103 hivi. Iliyoingia na nyuzi 60 inatoka na 138. Tofauti iliyokuwa nyuzi 28 sasa ni 35.

Lakini nisiwadanganye, maana wengi huishia hapa. Baada ya tabo kuna kipoza-hewa, mafundi wanakiita intakula. Kikifanya kazi kwa asilimia 70, ile hewa ya 103 inashuka mpaka 53, na ile ya 138 inashuka mpaka 64. Kwa hiyo tofauti inayofika kwenye injini ni nyuzi 11, sawa na hewa pungufu ya asilimia 3 hivi. Asilimia 3 si kitu cha kulilia. Lakini kumbuka umelipa pesa ili upate nguvu, na badala yake umepoteza. Tena kwenye Forester kama ile ya kijana wetu, intakula imekaa juu ya injini yenyewe, kwa hiyo kwenye foleni nayo imechemka na ufanisi wake unashuka. Na kompyuta ya gari ikihisi hatari ya injini kugonga, inachelewesha cheche ili kuilinda, nguvu inapungua tena.

Kwa hiyo koni ya wazi ndani ya boneti inavuta hewa ya moto. Sawa, atasema fundi, ndiyo maana tuliiteremsha chini! Lakini angalia boksi la kiwandani linavuta wapi. Magari mengi yana mdomo wa plastiki nyuma ya grili, juu ya rejeta au pembeni karibu na madigadi. Hapo hewa ni ya nje tayari, haijapita kwenye injini. Ukiiteremsha filta kwenye bampa unapata hewa ile ile ya nyuzi 32. Hakuna barafu chini ya bampa. Kwa kweli lami ya Barabara ya Digo saa saba mchana ina joto kuliko hewa iliyo juu yake.

Maji

Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza karibu lita 2,000 za hewa kila dakika, hata kabla tabo haijaanza kushindilia. Kitu chenye pumzi kama hiyo ukikizamisha mdomo, hakionji maji. Kinayavuta.

Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Injini ya lita 2 yenye pistoni nne ina nusu lita kwa kila silinda. Ikiwa na mbano wa 9 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni mililita 62 au 63 hivi. Hiyo ni nini? Ni kama kile kikombe kidogo cha kahawa chungu tunachokunywa barazani jioni. Maji yakizidi kikombe kimoja ndani ya silinda moja, pistoni inapanda inakuta ukuta, na konrodi inapinda. Kwa dizeli ni mbaya zaidi. Injini ya dizeli ya lita 2.5 yenye mbano wa 17 kwa 1 inabakiwa na mililita 39 tu. Wenye Hiace na pikapu za dizeli, mmesikia.

Sasa rudi kwenye ile teksi ndogo iliyopita salama mbele ya kijana. Haikuwa na maajabu. Mdomo wake wa hewa ulikuwa juu, karibu na taa. Forester ni gari refu kuliko ile teksi, limeinuliwa kwa ajili ya njia mbaya, lakini tulilishusha pua mpaka shubiri moja na nusu. Yaani tulinunua gari la kuvuka maji, kisha tukalitoboa.

Kisiwa chetu kinazungukwa na bahari, mvua kubwa za masika huja na kufikia kilele mwezi Mei, za vuli zinafuata Oktoba na Novemba, na mitaro yetu tunaijua wenyewe. Maji kusimama barabarani hapa si ajali ya nadra. Ni jambo la kila mwaka. Mtu wa Garissa anaweza kubishana nami. Mtu wa Mombasa hana hoja.

Vumbi na chumvi

Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta mmoja ukibomolewa Ndia Kuu, mtaa mzima unakuwa mweupe. Ongeza mchanga, na upepo wa bahari wenye chumvi. Filta ya karatasi ya kiwandani huzuia vumbi laini vizuri sana, na tena inazidi kuzuia kadiri inavyochafuka, mpaka ifike kiwango cha kuziba ndipo ibadilishwe. Filta nyingi za koni zimetengenezwa kupitisha hewa nyingi, na kinachopitisha hewa nyingi kwa kawaida hupitisha na vumbi zaidi. Zile za pamba zinazopakwa mafuta nazo, fundi akizidisha mafuta, hufika kwenye kihisi cha hewa na kukichafua.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalikagui: mpira kati ya filta na tabo. Upande huo tabo inavuta, kwa hiyo tundu dogo linaingiza vumbi ambalo halikupita kwenye filta kabisa. Upande wa pili, kati ya tabo na injini, hewa inasukumwa, kwa hiyo tundu linatoa hewa nje na utasikia mluzi. La pili lina kelele lakini linakupotezea nguvu tu. La kwanza liko kimya na ndilo linalokula injini.

Kipimo

Hapa sasa nimefika nyumbani kwangu. Mbele ya tabo, karibu na boksi la filta, magari mengi ya petroli yana kihisi kinachopima hewa inayoingia. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inakisia kiasi cha hewa kwa umeme unaohitajika kuurudishia joto. Kompyuta ina jedwali lililoandikwa kwa ajili ya bomba la kipenyo fulani.

Badilisha bomba kutoka milimita 65 hadi 70. Milimita 5 tu, nani ataona? Lakini eneo la ndani limeongezeka kwa karibu asilimia 16. Hewa ile ile sasa inapita polepole, na kihisi kinasema hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 14. Kompyuta inatoa mafuta pungufu. Ukienda polepole, kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kitarekebisha. Ukikanyaga, magari mengi yanaacha kusikiliza marekebisho hayo na kufuata jedwali, na hapo ndipo tabo inaposhindilia kwa nguvu zote. Mafuta machache, hewa nyingi, joto kali. Pistoni zinatoboka kwa namna hiyo.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Mtu akibadilisha kipimo cha data bila kuiambia programu, programu haitalalamika. Itaendelea kupiga hesabu sahihi juu ya namba za uongo. Vivyo hivyo na ile vali ya "pshaa!" ambayo vijana wanaipenda. Kwenye gari lenye kihisi cha aina hii, hewa inayotupwa nje ilikwisha kupimwa, na mafuta yake yamekwisha kupangwa. Vali ya kiwandani huirudisha ndani kabla ya tabo, kimya kimya, ili hesabu ilingane.

"Mbona magari ya mashindano?"

Swali hili lazima lije, na ni la haki. Angalia Safari Rally yetu. Toyota Celica za tabo zilizoshinda, ile ya Juha Kankkunen ya 1993 na ya Mkenya mwenzetu Ian Duncan ya 1994, ni za kizazi kilichokuja Safari na bomba la hewa lililopandishwa kando ya kioo cha mbele mpaka karibu na paa. Subaru ya Colin McRae iliyoshinda 1997 nayo ilikuwa na bomba kama hilo. Wataalamu wale walikuwa na pesa na akili zote za dunia, na walipofika Kenya waliipandisha pua ya gari juu. Sisi tunaishusha.

Na wanajua thamani ya hewa. Mwaka 1995 timu ya Toyota ya Ulaya ilifungiwa miezi 12 kwa sababu kizuizi cha hewa mbele ya tabo, kilichotakiwa kuwa cha milimita 34, kilikuwa kimechezewa ili hewa ipite zaidi. Kwa hiyo simkatalii mtu anayesema njia ya hewa inaongeza nguvu. Inaongeza, ikiwa umebadilisha jedwali la kompyuta, umepima, na una timu ya kufungua injini kila baada ya mashindano. Mpwa wangu ana spana tano na mkopo.

Mambo mawili mengine nimeyasikia barazani, niyamalize. La kwanza, kwamba lile tundu la juu ya boneti ya Forester na Impreza za tabo linaingiza hewa kwenye filta. Hapana. Kwenye yale yaliyokuwa na tundu hilo, linaleta upepo wa kupoza intakula. La pili, kwamba filta ikitazama mbele upepo wa mwendo unaisukumia hewa. Kwa kilomita 100 kwa saa msukumo huo hauzidi nusu asilimia ya shinikizo la hewa. Kwa kilomita 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wetu Barabara ya Nkrumah siku njema, haufiki hata asilimia 0.02. Ukimwaga kahawa ukapuliza utapata zaidi.

Tufanye nini basi?

1. Ukinunua mtumba wa tabo, fungua boneti uangalie kama boksi la kiwandani lipo. Kama limeng'olewa, litafute kwa wauza vipuri vya mtumba kabla hujafikiria rimu.
2. Hakikisha klipu zote za boksi zinafunga na mpira wa pembeni wa filta haujakauka. Mdomo wa hewa wa plastiki usiwe umekatwa.
3. Badilisha filta ya karatasi mapema kuliko kitabu kinavyosema. Usimruhusu fundi aipulize kwa kompresa mpaka karatasi ichanike kisha akuambie iko sawa.
4. Kagua mpira kati ya filta na tabo kwa mkono na tochi. Utelezi kidogo wa mafuta ndani yake ni wa kawaida. Ufa si wa kawaida.
5. Jua mdomo wa hewa wa gari lako uko kimo gani. Pima kwa mguu wako: uko gotini au pajani? Maji yakikaribia hapo, rudi.
6. Injini ikizima ndani ya maji, USIPIGE STATA. Hilo la stata ndilo linalomalizia injini nyingi zilizokuwa bado zinaokoleka. Sukuma gari, toa plagi, maji yatoke kwanza.
7. Wenye Prado na Hilux wanaotaka bomba la kupanda juu: ni kitu kizuri kwa anayekwenda Lamu au Tana kwenye vumbi na matope. Lakini kama viungo vyake havikuzibwa mpaka kwenye boksi, ni pambo tu.

Mwenye simu ya Android na kile kifaa kidogo cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, aangalie mwenyewe joto la hewa inayoingia. Kaa nalo kwenye foleni ya Likoni, kisha livuke Daraja la Nyali usiku. Namba zitakufundisha kuliko mimi.

Wazee waliojenga Mji wa Kale hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kaskazi inatoka wapi na kusi inatoka wapi, na hakuna aliyefungua dirisha la kulala upande wa jikoni kwa sababu linapendeza ukiwa njiani. Mhandisi aliyechora lile boksi jeusi la plastiki naye alikaa akafikiria joto, maji, vumbi na kipimo kwa pamoja, kisha akachagua mahali. Unaweza kumpinga, lakini njoo na hesabu.

Mpwa wangu amepata injini nyingine, na boksi la kiwandani limerudi mahali pake. Gari halivumi tena. Watoto wa Kibokoni hawageuki. Mamake anafika kliniki kwa wakati, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye seva. Kwaherini.